Land Cruiser ya dizeli na njia yake ya hewa: kubadili kunalipa lini?

Jamaa yangu mmoja wa Arusha ana pikapu ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini. Hupeleka mahema na vyakula vya kambi Seronera, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, na hurudi na mitungi mitupu ya gesi. Miezi michache iliyopita fundi alimshauri aing'oe hausingi, yaani kasha, ya filta ya kiwandani na kufunga filta ya koni chini ya boneti, ile ya pamba iliyopakwa mafuta ambayo huoshwa na kurudishwa kazini. Aliahidiwa kwamba gari litapata pumzi, litapanda milima bila kulia na litakunywa dizeli kidogo. Akaniuliza kama anunue.

Kwa gari lake nilimjibu hapana. Lakini nayajua magari mengine ambayo ningeyajibu ndiyo bila kusita, kwa hiyo nataka kueleza kinachoyatenganisha.

Wanaosema ndiyo wana hoja ya kweli. Injini, kabla ya kuwa kitu kingine, ni pampu ya hewa. 1HZ ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inavuta karibu lita 4,000 za hewa kila dakika. Kwa saa moja hiyo ni kama mita za ujazo 240, yaani hewa yote iliyomo ndani ya nyumba kubwa ya familia. Ukiiziba pua ya injini ya namna hiyo, lazima ilalamike: moshi mweusi unatoka, joto la ekzosi linapanda, gari linakuwa zito mlimani. Aliyewahi kuendesha gari lenye filta iliyojaa vumbi, kisha akaweka mpya, anaijua tofauti hiyo mguuni mwake.

Ila hapo analinganisha filta chafu na filta safi. Swali la jamaa yangu lilihusu filta safi ya kiwandani na koni safi, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Hewa katika usawa wa bahari ina shinikizo la kilopaskali 101 hivi. Filta safi ya kiwandani pamoja na mabomba yake kwa kawaida hula kilopaskali mbili au tatu, tena pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini. Kwa hiyo hata ukiondoa kila kitu ukabakiza tundu tupu, utapata nyongeza ya asilimia mbili au tatu ya hewa. Koni haiwezi kukupa zaidi ya tundu tupu. Sasa ilinganishe na njia anayopita: ukingo wa bonde la Ngorongoro uko kwenye kimo cha mita 2,300 hivi, na hewa ya pale ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Mlima wenyewe umeshachukua asilimia 20, na hakuna filta itakayoirudisha.

Zaidi ya hapo, dizeli haifanyi kazi kama petroli. Kwenye injini ya petroli, mguu wako unafungua mlango wa hewa. Kwenye 1HZ mguu unaongeza dizeli tu. Hewa inaingia kadiri inavyotaka, na kwa sehemu kubwa ya safari inaingia zaidi kuliko inavyohitajika. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika na haina sensa ya kuiambia kwamba leo hewa imeongezeka kwa asilimia mbili. Ili nyongeza hiyo iwe nguvu, lazima fundi afungue skrubu ya pampu imwage dizeli zaidi. Ndiyo maana ahadi mbili alizopewa jamaa yangu zinagongana: akitaka nguvu atachoma zaidi, na akiacha pampu ilivyo hapati nguvu ya maana.

Na hiyo koni inakaa wapi? Chini ya boneti, pembeni ya injini inayowaka. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na ya chini ya boneti ikiwa 60, ile ya joto ni nyepesi kwa karibu asilimia 9. Unaweza kufukuza asilimia mbili za wepesi wa kupita ukapoteza mara nne yake kwa joto. Kinachowadanganya wengi ni sauti. Koni iliyo wazi inanguruma, na sikio linahesabu mngurumo huo kuwa nguvu.

Lakini kinachoniumiza hasa ni vumbi. Barabara ya lango la Naabi hadi Seronera ina matuta madogo madogo yanayotingisha kila nati, na udongo wake umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro. Ni laini kama unga. Ukifuata gari lingine huoni kitu, na wingu hilo lote linasubiri kumezwa na injini yako. Punje zinazoua injini hazionekani kwa macho: ni zile za maikroni 5 hadi 20, ilhali unywele wa binadamu una kama maikroni 70. Zinaingia katika uwazi mwembamba kati ya ringi za pistoni na slivu, yaani ukuta wa silinda, na kusaga pande zote mbili.

Muuzaji atakuambia filta yake inakamata asilimia 98 na ya karatasi asilimia 99.8, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Usihesabu kinachokamatwa, hesabu kinachopita. Moja inapitisha mbili katika mia, nyingine inapitisha mbili katika elfu, yaani ya kwanza inapitisha mara kumi. Tuseme kila mita ya ujazo ya hewa ina nusu gramu ya vumbi. Kwa zile mita 240 za saa moja, gramu 120 zinafika mlangoni. Filta ya asilimia 99.8 itaachia robo gramu. Ile ya 98 itaachia karibu gramu mbili na nusu. Baada ya saa kumi za vumbi la namna hiyo, injini imemeza gramu 24. Dizeli huwaka kwa mgandamizo tu. Ringi zikilika, asubuhi ya baridi pale Ngorongoro gari halitawaka kwa urahisi, litaanza kula oili, na mwisho wake ni kushusha injini. Sioni nyongeza ya asilimia mbili ya hewa inayoweza kulipa gharama hiyo.

Kuna mabadiliko mengine ya njia ya hewa ninayoyatetea kwa moyo wote, nayo ni mkonga, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa ya juu. Watu wengi huufunga kwa ajili ya maji, na wana haki. Mgandamizo wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1. Pistoni inapofika juu, nafasi iliyobaki katika kila silinda ni kama mililita 32, sawa na vijiko vikubwa viwili. Maji ya kiasi hicho yakiingia silinda moja hayagandamiziki, na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Lakini hata asiyevuka mito ananufaika, kwa sababu mkonga unavuta hewa ya juu, isiyo ya moto, iliyo mbali kidogo na wingu la magurudumu. Ukiufungia kichwa cha kuzungusha hewa, kile kinachotupa punje kubwa nje kabla hazijafika kwenye filta, filta inadumu muda mrefu zaidi. Madai kwamba mkonga unasukuma hewa ndani kwa mwendo yaache: kwa kilomita 100 kwa saa msukumo huo haufiki hata nusu kilopaskali.

Mkonga pia una hatari yake, kwani ni viungo vingi. Nimeona uliofungwa kwa silikoni mahali pamoja tu, na ndani ya fenda mpira umeachwa umelegea. Huo hauzuii maji wala vumbi. Kila kiungo kati ya kichwa na hausingi kibanwe, na ule mdomo mdogo wa mpira chini ya hausingi, unaotema vumbi, uwe mzima.

Nani basi abadilishe na hausingi yenyewe? Aliyefunga tabo kwenye 1HZ, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya. Hausingi ya kiwandani ilipimwa kwa injini ya kilowati 96; ukiongeza tabo na dizeli, hewa inayopita inaongezeka sana na kizuizi kinaongezeka zaidi. Hapo hausingi kubwa iliyofungwa, yenye filta nene ya karatasi, ni lazima. Mwenye Hilux ya tabo anayebeba mzigo kwenda Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, naye ana hoja: kompyuta yake itatafuta shinikizo lilelile la tabo, na njia ikiwa pana tabo inalifikia kwa kuzunguka polepole kidogo. Faida hiyo ataiona kwenye uhai wa tabo, si kwenye spidi. Yeye aepuke filta yenye mafuta mengi, kwa sababu mafuta yakifika kwenye sensa ya hewa huipaka na kuivuruga.

Kabla ya kutoa fedha, pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule wa fundi mwashi wa kupimia levo, uukunje mfano wa herufi U wenye miguu ya mita moja, utie maji nusu, kisha unganisha ncha moja kwenye bomba la hewa baada ya filta. Mtu wa pili aushike wakati unapanda mlima pedali chini. Kila sentimita 10 za tofauti ya maji ni kama kilopaskali moja. Ukiona 25 au 30, njia yako ya hewa haina shida na fedha yako ibaki mfukoni. Ukikaribia 60, anza na filta mpya, kisha pima tena. Kama bado iko juu, hapo ndipo pa kuzungumzia hausingi. Miguu ya mpira isiwe mifupi, maji yasije yakavutwa ndani.

Na uache tabia ya kuipuliza filta kwa kompresa kila jioni. Shinikizo kubwa linatoboa karatasi kwa matundu usiyoyaona, na kila unapofungua hausingi unamwaga vumbi upande safi. Filta iliyopata vumbi kidogo hukamata vizuri kuliko mpya kabisa.

Jamaa yangu alipima akapata sentimita 28. Tulipofungua mpira wa hewa na kupitisha kitambaa cheupe baada ya filta, kilitoka na rangi ya udongo: mpira ulikuwa na ufa chini ya klipu, na filta iliyokuwemo ilikuwa ya kuigiza, isiyokaa sawa ukingoni. Fedha ya koni ilinunua mpira mpya, klipu mbili na filta mbili halisi. Safari iliyofuata ya Seronera alinitumia picha ya kitambaa kile kile kilichofuliwa. Kilikuwa cheupe.