Chupa ya bati mbili

Yaani tangu jana saa moja usiku mimi na mama Zai tunapambana na kizibo. Kisu kimepinda, bisibisi imechimba shimo katikati kama panya, msumari umeingia na umegoma kutoka. Sijui nani aliamua mvinyo uzibwe kwa gome la mti, soda mbona unang'oa kwa meno na maisha yanaendelea.

Na siwezi kuipasua maana hii chupa imekula bati mbili za Chanika. Posho mnaijua, kabla haijatoka ishaezekea. Nimepelekwa semina Cape Town siku nne, nakula chai ya hoteli mpaka saa nne asubuhi ili niruke lanchi, siku ya mwisho bosi anasema twende Franschhoek tukaone mashamba ya zabibu, kila mtu ajilipie. Kila mtu ajilipie!

Milima mizuri, sikatai. Kiwanda chenyewe kidogo, cha familia, mapipa ya kuhesabu, nikajua hapa bei nafuu, kumbe kwa wenzetu duka likiwa dogo ndio unaumia.

Dada akatumiminia, tuseme alitudondoshea, dozi ya mtoto mwenye kikohozi. Huku anaeleza, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa walifika hapa 1688 ndio pakaitwa kona ya Wafaransa, zamani paliitwa Olifantshoek, kona ya tembo. Mimi mdomo huu nikadakia, hata Mbagala kona za tembo zipo, ukitoka na akili zako shukuru. Wenzangu hoi, mmoja kamwaga dozi yake. Dada naye anataka acheke, nimtafsirie. Haya mtafsirie wewe! Nikamwambia dada yangu, kwetu kuna tembo wa porini na kuna tembo la kugema juu ya mnazi. Akauliza juu ya mnazi anafikaje. Nikasema hapandi, anayepanda ni mgema. Akauliza mgema anamfanya nini huko juu. Nikasema anamkata kidogo kidogo asubuhi na jioni, anakinga kibuyu. Yule dada macho yakajaa machozi, akamgeukia bosi akamuuliza kama serikali yetu inajua. Bosi ananiangalia jicho la fomu ya tathmini.

Ikaja pinotage, zabibu waliyoizalisha wenyewe Stellenbosch 1925 kwa kuchanganya mbegu mbili, mnasikia harufu gani? Bosi, mzaliwa wa Singida, anasema blakikaranti. Kaiona wapi zaidi ya kwenye soda? Mimi nilisikia zambarau, nikanyamaza, kwa tembo tu nilikuwa bado sijatoka.

Kidogo nilijikomboa aliposema wao wanavuna mara moja kwa mwaka. Nikamwambia Dodoma tunavuna mara mbili. Kifua mbele, mimi huyu huyu niliyetafuta cheti cha daktari waliponihamishia Dodoma.

Sasa chupa nimenunua kwa aibu, nimeibeba ndani ya soksi mpaka Dar, na kizibo ndio hiki kimezama nusu. Mama Zai kaniambia baba Zai acha ubishi, kampigia fundi seremala aje na drili. Kaja, kanywea chai yangu, anaizungusha chupa anasema hii kazi ndogo mzee, elfu tano. Elfu tano? Wewe si ndio una mlango wangu tangu mwezi wa pili? Eti mbao bado inakauka. Inakauka na jua hili?