Siku nilipomfundisha mzee ustaarabu

Najua mshaambiwa. Huyo jamaa niliyekwenda naye kuposa Kibosho ameitangaza aibu yangu Moshi nzima, kuanzia Mbuyuni hadi Majengo, tena akatia chumvi kwamba nilikuwa nimelewa. Sikulewa! Kata ya mbege, ile pombe ya Kichagga ya ndizi na ulezi, ilikuwa bado imejaa pomoni. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Posa ilikuwa inakwenda vizuri. Mshenga kaongea, wazee wakaguna kwa kuridhika. Mzee mwenyewe, mwalimu mstaafu, akasema kwa upole, "Sisi hapa tunataka kijana mstaarabu tu." Ilikuwa ya kuitikia "ndiyo, baba" na kunyamaza. (Wewe unayecheka, zamu yako inakuja.)

Mimi huyo nikasimama. "Mzee, hili neno ustaarabu limetoka kwa Waarabu. Asili yake ni mtu kuiga mwenendo wa Kiarabu." Mshenga akanikanyaga kiatu. Nikajua ananipongeza. "Hata adabu ni Kiarabu. Heshima nayo vilevile, kwao ilihusu haya, mtu kuona soni."

Mzee akashusha miwani. "Kwa hiyo babu zetu hapa mlimani, kabla ya huyo Mwarabu, walikuwa nani?"

Kimya. Nikaanza kutafuta jibu, na mimi nikitafuta jibu mikono ndiyo inayoongea. Mkono wa kushoto (ndiyo, kata niliipokea kwa kushoto, kulia nilishika simu) ukainuka kuonyesha pwani iliko. Mbege ikaruka. Niliiona, wallahi: povu kwanza, nyuma yake ulezi mzitomzito. Ikatua kwenye kola ya koti la Mzee. Ikateremka hadi kifungo cha kwanza, ikapumzika. Kifungo cha pili. Kisha ikakata kona, ikaingia mfuko wa juu, penye kalamu zake mbili. Mzee hakupepesa jicho. Shangazi mmoja akasema "Yesu!" na aliyeangua kicheko ni huyohuyo jamaa yenu.

Mengine mnayajua. Tulitolewa, tukarudi na jani la isale kuomba radhi, kama Wachagga wanavyofanya tangu enzi bila kufundishwa na Mwarabu yeyote. Mzee akalipokea, akatamka neno moja la Kichagga ambalo mshenga amegoma kunitafsiria. Mchumba anajibu meseji kwa "sawa" tu. Na karatasi ya mahari imeongezwa mstari, kwa mwandiko wa mwalimu kabisa: "Mbuzi wa ustaarabu, mmoja."

Mwenye beberu mnono maeneo ya Boma Ng'ombe aje inbox. Bei iwe ya kistaarabu.