Eti "mbona inafanya kazi"

Jamani hili limenikera. Mtu kaleta pachi (rekebisho la kodi) ya mstari mmoja kwenye ekstensheni moja ya PostgreSQL, ule mfumo wa hifadhidata, kabadilisha Int32GetDatum (inayofunga namba ya biti 32) iwe Int64GetDatum (ya biti 64) kwa sababu fankshini inayoitwa inasoma kwa PG_GETARG_INT64, yaani inategemea biti 64, na jibu la kwanza alilopewa ni "mbona inafanya kazi, unagusa ya nini?"

Inafanya kazi wapi? Kwenye mashine ya biti 64 sawa, namba inaingia kwenye Datum, chombo ambacho PostgreSQL hupitishia thamani ya aina yoyote, na kutoka ileile, testi zote zinapita. Ila kwa miaka mingi Datum imekuwa na ukubwa wa pointa (anwani ya memori), kwa hiyo kwenye mashine ya biti 32 int64, yaani namba ya biti 64, haienei humo, inapitishwa kwa anwani ya memori, sasa fankshini inapokea namba yako, tuseme 7, inadhani ni anwani, inaenda kusoma huko na seva inaanguka. Na wapo watu wanaoendesha PostgreSQL kwenye Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 32, nao ni watumiaji. Kompaila haitakuonya maana kwake Datum ni gunia lililoshonwa mdomo, ndani mchele au saruji haijui, anayejua ni wewe uliyelijaza.

Kinachonitisha zaidi ni kinyume chake, unaweka biti 64 halafu unasoma biti 32. Hapo, kwenye mashine ya biti 64, hakianguki kitu! Mpaka 2147483647 mambo shwari, ukizidisha moja tu inageuka hasi. Id za meza zinaanzia 1, zinapanda taratibu miaka na miaka, aliyeandika kodi kashahama kazi, ndo rekodi za wateja zinaanza kutopatikana na hakuna hata mstari mmoja wa erori kwenye logi.

Haya, kuna moja nawapa: kila mstari unaobadilika unawasumbua wanaorudisha marekebisho kwenye matoleo ya nyuma, na PostgreSQL inahudumia kila toleo kubwa miaka 5. Basi iingie toleo jipya tu. Lakini iingie.

Na tafadhali, hata pale kompaila inapoonya, kubandika kasti (kuilazimisha thamani iwe aina nyingine) ili onyo linyamaze sio kurekebisha.

Wewe uliyeleta ile pachi, kama unasoma hapa, usiifunge. Ijenge kwa biti 32, iendeshe mpaka ianguke, weka bektresi (orodha ya fankshini zilizokuwa zinaendeshwa ilipoanguka) palepale chini ya lile swali, halafu omba revyu tena. Mimi nitaipitia.