Uji wa Ramadhani uzinduliwe lini?

Februari 2025, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili hivi mwezi uandame, nilikuwa nimekaa kibarazani kwenye nyumba moja ya Tandika, Dar es Salaam, nimezungukwa na viroba vya unga wa mchele. Mwenye nyumba ni dada ninayemsaidia hesabu za biashara yake. Anachanganya unga wa mchele, pilipili manga, iliki na maziwa ya unga, anafunga nusu kilo nusu kilo, na mnunuzi anabaki na kazi ya kuinjika sufuria tu. Ni uji ule ule wa kufuturia, umepunguziwa usumbufu. Alama ya ubora ya TBS alikwishaipata, na mchanganyiko wa pakiti 3,000 ulikuwa tayari. Kilichokosekana ni lebo. Mchapaji wa Kariakoo alimwambia Ijumaa, Ijumaa ikapita. Alipopigiwa simu akasema wiki ile mashine zake zote zilikuwa zinachapa ratiba za kufuturu za maduka na misikiti.

Kaka yake alitaka mzigo utoke. "Mdogo wangu, Ramadhani haikungoji wewe. Bandika hata karatasi nyeupe, watu watanunua uji, hawanunui picha." Dada mwenyewe alitaka kuacha hadi mwaka unaofuata, bidhaa itoke imekamilika, iingie madukani na kishindo. Halafu wakanigeukia mimi, kana kwamba nina kalenda ya siri mfukoni.

Upande wa kaka una uzito kuliko unavyosikika. Bidhaa ya msimu ikikosa msimu wake hukaa miezi kumi na moja. Unga una tarehe ya kuisha, na mkopo wa kikundi una tarehe ya marejesho, na tarehe hizo mbili hazisomi mwezi. Tena kuna rafu ya dukani. Mangi, mwenye duka wa mtaa wao, ana nafasi ya aina mbili tatu za unga wa uji, basi. Akishaingiza wa mtu mwingine na wateja wakauzoea, kumtoa yule ni kazi kuliko kuingia rafu ikiwa tupu. Anayewahi hapati wateja tu, anapata pia mazoea ya muuza duka, na katika biashara zetu za rejareja mazoea hayo ni nusu ya soko.

Pale ambapo mimi na kaka tulianza kutofautiana ni kwenye neno "Ramadhani" lenyewe. Alilitamka kama soko moja la siku thelathini. Aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta anajua si hivyo. Mauzo ya unga, sukari, tende, tambi na maharage huanza Shaaban, na siku za vunja jungu, zile za mwisho kabla ya mfungo, ndizo akina mama hubeba vitu vya jikoni kwa pamoja. Kumi la kwanza bado ni la jikoni. Likiingia la pili, nyumba nyingi zina akiba ya unga na zinanunua vya kumalizikia. Kumi la tatu fedha yote imehamia kwenye vitenge, kanzu na viatu vya watoto, na muuza unga anabaki anatazama msongamano wa Kariakoo kwa mbali. Kwa hiyo mzigo ambao ungefika dukani siku ya mwezi kuandama ungekuwa umechelewa wiki mbili tayari. Kaka alidhani anawahi.

Na msimu unaoleta wateja huleta pia foleni. Mchapaji anaelemewa, wenye viroba na vifungashio wanapandisha bei, dereva wa kirikuu anakwambia kesho. Bidhaa yako nayo hutegemea bidhaa usiyoitengeneza. Uji bila sukari ni dawa. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika Tanzania hadi kilo moja ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi, na Ramadhani ya mwaka ule ikaanza Machi. Aliyezindua uji mpya wakati ule alikuwa anamwomba mteja anunue pakiti yake, kisha akatafute sukari kwa bei ya kukatisha tamaa. Kalenda yake ilikuwa sahihi na mauzo bado yangemgomea.

Upande wa dada nao usidharauliwe. Hofu yake ilikuwa ya mdomo wa kwanza: mteja akionja kitu kibovu wakati wa futari, mbele ya wageni, hasahau. Kampuni zenye fedha kuliko sisi sote zimelipa gharama ya kutoizingatia hofu hiyo. Samsung ilitambulisha simu ya Galaxy Note 7 tarehe 2 Agosti 2016 na kuanza kuiuza tarehe 19, wiki chache mbele ya iPhone 7 iliyokuwa inatarajiwa Septemba. Iliripotiwa wakati ule kwamba ratiba ilisogezwa ili kumtangulia mpinzani. Betri zikaanza kushika moto. Tarehe 2 Septemba simu zipatazo milioni 2.5 zikaitwa zirudishwe, zilizobadilishwa nazo zikashika moto, na Oktoba 11 kampuni ikasimamisha uzalishaji moja kwa moja. Uchunguzi wake wenyewe ulikuta kasoro katika betri za watengenezaji wawili tofauti. Sisemi haraka peke yake ndiyo iliyowasha moto, maana kasoro ya betri ni kasoro ya betri. Ila mwenye nafasi ya kujaribu kwa miezi mitatu zaidi hukutana na kasoro akiwa bado ndani ya kiwanda.

Lakini kungoja nako kunategemea unangoja ukifanya nini. Watu hupenda kutoa mfano wa M-Pesa kama kitu kilichotokea ghafla Machi 2007, wakati Safaricom ilikuwa imeijaribu tangu Oktoba 2005 kwa wateja mia chache huko Nairobi na Thika. Waliibuni ili watu walipie mikopo midogo. Wale wateja wa majaribio wakaigeuza: mtu anamtumia mkewe, mwingine anaweka fedha hapa na kuzitoa kule ili asisafiri nazo. Ilipozinduliwa nchi nzima, habari za mikopo zilikuwa zimewekwa kando na ujumbe ukabaki mmoja, kutuma pesa nyumbani. Mwaka haukuisha kabla wateja hawajapita milioni. Ule mwaka na nusu haukuwa wa kusubiri hali iwe nzuri. Ulikuwa wa kuuliza watu.

Halafu ikaja bahati, ikiwa mtu anaweza kuiita bahati. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ghasia zilifunga barabara na watu wakajifungia majumbani, na kutuma fedha au muda wa maongezi kwa simu kukawa msaada wa kweli. Hakuna mtaalamu wa masoko aliyelipanga hilo, na anayeandika leo kwamba M-Pesa "ilichagua wakati mwafaka" anasoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho. Kwetu Tanzania, Vodacom walizindua huduma hiyo hiyo Aprili 2008, mwaka mmoja tu baadaye, na ikasuasua mwanzoni. Mawakala walikuwa wachache kwa nchi pana kama hii, na wateja wa simu walikuwa wamegawanyika kwa kampuni kadhaa, tofauti na Kenya ambako Safaricom ilikuwa imeshika soko. Ndiyo maana huwa nashtuka kidogo mtu anapoanza mpango wa biashara kwa kuchagua tarehe. Tarehe haimleti wakala.

Wapo pia wanaofuata fedha badala ya sikukuu, na hesabu hiyo naipenda zaidi, hasa nje ya Dar. Mtwara na Lindi kila mwenye duka anajua kwamba minada ya korosho huanza Oktoba na kwamba pikipiki, mabati na magodoro hununuliwa fedha za korosho zikishaingia. Ukizindua godoro jipya Tandahimba mwezi wa Agosti, utapongezwa tu, fedha bado. Lakini hata fedha za mavuno hazina mkataba na wewe. Novemba 2018, baada ya mvutano wa bei na wanunuzi, serikali ilitangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa hadi mwaka uliofuata. Aliyekuwa amejaza duka kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, akitegemea Desemba alikutana na mdai wake kabla ya kukutana na mkulima.

Kuna na suala la kelele. Wakubwa wote hutangaza Ramadhani: wa tambi, wa mafuta ya kula, wa mitandao ya simu. Sauti ya mama wa Tandika haisikiki humo. Sabasaba vivyo hivyo. Banda la mjasiriamali mdogo pale viwanja vya Mwalimu Nyerere hupitiwa na maelfu ya watu wenye mifuko mikononi, wengi wanaonja, wachache wanarudi kuuliza duka lilipo. Nimeona watu wakitumia mtaji wa miezi sita kwa wiki mbili za maonyesho, wakaondoka na namba za simu za watu waliokuwa wanatafuta kalamu za bure.

Kalenda yenyewe nayo inatembea. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 ilipishana na mwanzo wa Kwaresma kwa siku chache tu, na mwenye bucha aliyepanga kuzindua soseji mwezi ule aliwakosa wateja wa pande zote mbili. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Ile ya Januari itagombania fedha na sare na madaftari ya shule. Anayenakili mpango wa mwaka jana na kubadilisha tarehe tu atajikuta amenakili wa mwaka ambao haupo.

Pale kibarazani nilisema tusizindue, ila tuuze. Dada alinitazama kama nimemzungusha. Nilichomaanisha ni pakiti 400 tu, lebo nyeusi na nyeupe yenye kila kinachotakiwa, uzito, tarehe na viambato, ziende maduka manne ya mtaani ndani ya siku tatu, wakati wa vunja jungu. Bila muziki, bila fulana.

Siku ya tano ya mfungo akapigiwa simu na shangazi mmoja wa Mbagala aliyesoma namba kwenye pakiti. Hakusalimia sana. "Mwanangu, uji wako unafanya mabonge." Wakafuata wengine wawili. Lebo ilisema unga utiwe kwenye maji yanayochemka. Dada mwenyewe siku zote huukoroga kwanza kwa maji baridi, ila aliona ni jambo linalojulikana, hakuliandika. Lebo zile za rangi za Kariakoo, 3,000, zilikuwa na maelezo hayo hayo ya maji yanayochemka. Akampigia mchapaji asimamishe, na kwa mara ya kwanza akashukuru kwamba yule bwana ni mchelewaji.

Kaka hajakubali hadi leo, na sina jibu la kumnyamazisha. Anasema mabonge yangevumilika, wapishi wa uji wanajua kukoroga, na kwamba katikati ya mfungo ule unga wa mtu mwingine ulipata ile nafasi kwenye rafu ya Mangi. Ni kweli ulipata. Mimi nahesabu upande mwingine: nyumba 2,600 ambazo zingekorogea mabonge wiki moja.

Baada ya Idi tukapeleka pakiti zilizosahihishwa. Masika ilikuwa imeshika, asubuhi za baridi na matope, hali ya hewa ya uji hasa. Mangi akaichukua moja, akaigeuza, akasoma jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, *Uji wa Ramadhani*, akairudisha juu ya kaunta. "Dada, Ramadhani si imeisha?"