Majina mawili kwenye kasha moja

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye steshenari pale Kirumba, si mbali na Mwaloni, aliniletea kompyuta yake ya mezani. Haiwaki. Kabla sijashika hata bisibisi akaniuliza, "Fundi, hivi hii ni HP au ni Compaq? Imeandikwa majina yote mawili, na kijana aliyeniuzia alisema HP." Nikamjibu kwa kifupi, "Ni zote mbili, mama. Ni kampuni mbili za kompyuta, na HP iliinunua Compaq." Akaridhika. Mimi sikuridhika na jibu langu, ndiyo maana naandika.

Ukitaja HP hapa Mwanza, mtu anawaza laptopu au printa. Lakini waasisi wake, Bill Hewlett na Dave Packard, hawakuanza na kompyuta. Walianza mwaka 1939 kwenye gereji moja ya Palo Alto, California, wakiwa na mtaji wa dola 538, na wakarusha sarafu kuamua jina la nani litangulie. Bidhaa yao ya kwanza, 200A, ilikuwa kifaa cha kuzalisha mawimbi ya sauti ili mafundi wapimie vifaa vingine. Shida ya vifaa vya aina hiyo ilikuwa kutotulia: mawimbi mara yanapanda, mara yanafifia. Hewlett akachomeka balbu ndogo ndani ya saketi. Mawimbi yakizidi nguvu, uzi wa balbu unapata moto, ukinzani wake, yaani kuzuia umeme kupita, unaongezeka, na nguvu inashuka. Yakipungua, balbu inapoa, na nguvu inarudi. Balbu tu! Wakaiuza kwa dola 54.40 wakati vifaa vya washindani vilizidi dola 200. Kampuni ya Walt Disney ilinunua vifaa 8 vya toleo lililofuata.

Kila nikiifikiria balbu ile najisikia fahari, kama vile ni ya ndugu yangu. Nilipokuwa chuoni tulikuwa na osiloskopu moja ya zamani, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, yenye nembo ya HP, na mwalimu aliifunika kitambaa kila jioni kama mtu anavyofunika chakula cha mgeni. Kupitia kioo chake ndipo nilipouona umeme kwa macho kwa mara ya kwanza: mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Kwa miaka mingi HP ilikuwa hiyo, kampuni ya watu wanaopima.

Na ilijua kukaa na watu wake. Mwaka 1970 biashara ilipodorora, ilibidi gharama zipunguzwe kwa karibu asilimia 10. Badala ya kumfukuza mfanyakazi mmoja katika kila kumi, walikubaliana wote wapunguziwe mshahara kwa kiasi hicho na wapumzike siku moja katika kila siku kumi za kazi, wakubwa kwa wadogo. Sisi tuliokulia kandokando ya ziwa tunajua kiwanda cha minofu kikikosa sangara kibarua huambiwa nini: kesho usije. Kwa hiyo habari hiyo ya 1970 siichukulii kuwa ndogo hata kidogo.

Watu wengi wakieleza HP iliharibikia wapi, humtaja Carly Fiorina, bosi aliyeingia Julai 1999 na kuinunua Compaq. Mimi naona wanapiga hesabu kuanzia katikati. Machi mwaka huohuo, kabla Fiorina hajafika, HP ilikwishatangaza kwamba inaitenga biashara yake ya vipimo. Osiloskopu, vifaa vya maabara, kizazi chote cha ile balbu, vyote vikaenda kwenye kampuni mpya iitwayo Agilent. Waliobaki na jina la waasisi ni watu wa kompyuta na printa. Packard alishafariki mwaka 1996. Hewlett aliishi kuyaona hayo, akafariki Januari 2001. Kwangu mimi HP ya gereji iliishia hapo, na iliishia kwa hiari, bila mtu kuifilisi.

Ununuzi wa Compaq ulitangazwa Septemba 2001 na kukamilika Mei 2002. Mtoto wa mwasisi, Walter Hewlett, aliyekuwa kwenye bodi, aliupinga hadharani, akawaomba wenye hisa waukatae. Ukapita kwa tofauti ndogo ya kura. Maelfu wakapoteza kazi. Fiorina mwenyewe aliondolewa Februari 2005, na mwaka 2015 kampuni ikapasuliwa tena: kompyuta na printa kwa HP Inc., seva na huduma za makampuni kwa Hewlett Packard Enterprise.

Sasa nirudi kwenye mashine ya mama, maana hapo ndipo moyo wangu unapogawanyika. Ni HP Compaq dc7900. Nilipoifungua, vumbi na vijidudu vya ziwani vilikuwa vimejaa feni mpaka haizunguki. Lakini tazama ilivyopangwa. Kifuniko kinatoka bila bisibisi. Diski unaibana kwenye kitasa cha kijani, inachomoka yenyewe. Na kwenye bati la kasha, ndani kabisa, zimefungwa skrubu za akiba, za fedha kwa ajili ya diski kuu na nyeusi kwa vifaa vingine, kwa sababu kuna mtu huko alijua kwamba siku moja fundi atapoteza moja.

Mtu aliyewaza hivyo anamjua fundi. Nami, kwa haki, lazima niseme kwamba kompyuta hizi za ofisini hazikushuka kutoka gereji ya Palo Alto. Baada ya 2002 HP iliendeleza kompyuta za kibiashara za Compaq, zile zilizokuwa zikiitwa Evo. Compaq ilianzishwa mwaka 1982 huko Houston na wahandisi watatu waliotoka Texas Instruments, kampuni ya vifaa vya elektroniki, wakatengeneza kompyuta inayobebeka inayoendesha programu zilezile za mashine ya IBM. Nao walikuwa mafundi. Basi kijana aliyemwambia mama "hii ni HP" alitaja mnunuzi, akawaacha wenye kazi. Mama akirudi nitamjibu upya: Mama, hii ni Compaq iliyovaa jina la HP, na HP ya kwanza utaikuta maabara, ikiitwa jina jingine kabisa.

Nilibadilisha paste ya prosesa, nikapuliza feni, nikabadilisha na diski iliyochoka. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameishikilia kwa skrubu tatu tu. Ya nne nikaifungua pale kwenye akiba, nikaikaza. Zimebaki mbili za fedha, nami nimemwonyesha mama zilipo.