Lile Doa Jekundu Ubongoni Halikupigwa Picha

Wiki iliyopita nilitumiwa, kwa mara ya sijui ngapi, picha ya ubongo wa kijivu wenye doa jekundu, na chini yake maelezo kwamba wanasayansi sasa wamepiga picha ya uchoyo. Aliyenitumia aliongeza kuwa ubishi umekwisha. Nilijaribu kumjibu kwa upole, nikashindwa.

Hakuna kamera iliyoliona doa lile. Mashine ya MRI, ile inayochungulia ndani ya mwili kwa sumaku, inapochunguza ubongo ukiwa kazini, haioni fikra wala seli za neva zikipelekeana habari. Inachopima ni tofauti ya kisumaku kati ya damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa nayo, jambo ambalo mtafiti Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha mwaka 1990. Tofauti hiyo ni asilimia chache tu ya ishara yote, na hufika kileleni sekunde 5 au 6 baada ya seli kufanya kazi. Humo humo yamejichanganya mapigo ya moyo, pumzi, na kichwa cha mtu aliyelala ndani ya mashine akimeza mate. Kati ya fujo hiyo na doa jekundu yuko mtu asiyetajwa kamwe katika picha hizi zinazosambazwa, naye ni mtafiti anayetunga algoriti, yaani kanuni za hesabu, za kuchakata ishara.

Namfahamu mmoja. Alitumia miezi mingi kutenganisha mawimbi ya ubongo na kupepesa kwa macho, kwa kuwa umeme wa ubongo unaonaswa na EEG, kipimo cha vihisi vinavyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa, ni wa makumi ya mikrovolti (sehemu za milioni za volti), na kope ikipepesa mara moja huweza kuuzidi mara kadhaa. Kazi hiyo inafanana na kuwasikiliza watu kumi wanaosema kwa pamoja katika ukumbi mmoja, kisha kuirudisha kila sauti kwa mwenyewe. Siku alipoiwasilisha, swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji lilikuwa kama rangi za michoro yake zingeweza kukolezwa kidogo. Alijibu kwa adabu. Mimi nisingeweza.

Kinachonikera zaidi si kwamba watu hawa hawashukuriwi. Ni kwamba hawaulizwi maswali. Kila hatua ya kusafisha ishara ni uamuzi wa mtu, na uamuzi huo huacha alama yake katika matokeo. Chukua desturi ya kuondoa wastani wa ishara ya ubongo wote ili kupunguza kelele: mwaka 2009 Kevin Murphy na wenzake walionyesha kwamba hesabu hiyo, kwa jinsi ilivyo, huzalisha uhusiano hasi kati ya sehemu za ubongo, yaani moja ikipanda nyingine huonekana kushuka. Kabla ya hapo kulikuwa na wasomi waliokwisha kuueleza uhusiano huo kwa nadharia nzito za akili ya binadamu, na wengine wanaendelea kubishana hadi leo. Ufagio ndio uliochora, nasi tukasifu mchoro.

Mwaka huo huo Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni aliyekwisha kufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka aseme watu wale walikuwa na hisia gani. Ubongo ukigawanywa katika vipande maelfu kwa maelfu, na kila kipande kikapewa jaribio lake la kitakwimu, vipo vitakavyofaulu kwa bahati tu usiposahihisha wingi huo. Samaki maiti alionekana kana kwamba anatafakari.

Tukacheka, tukaendelea kama kawaida. Mwaka 2016 Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichukua data za watu 499 wenye afya waliokuwa wamepumzika tu, wakazipitisha katika SPM, FSL na AFNI, programu za kuchakata picha za ubongo ambazo taaluma nzima inazitegemea. Njia ambazo zingepaswa kukosea, yaani kuona shughuli isiyokuwapo, mara 5 katika kila 100 zilikosea, katika hali mbaya zaidi, hadi mara 70. Nakiri shingo upande kwamba hali haikuwa hivyo kwa kila njia, na kwamba waandishi hao walilazimika kuisahihisha sentensi yao iliyotilia shaka tafiti zipatazo 40,000. Haya. Lakini mwaka 2020 timu 70 zilizopewa data zile zile hazikutoa hata mbili zilizofuata mfuatano mmoja wa uchakataji, na kwa baadhi ya maswali timu hizo zilitofautiana waziwazi.

Wapo watafiti wanaoweka hadharani data ghafi pamoja na msimbo wote wa programu zao, na hao nawavulia kofia. Wanaodai kwamba maelezo hayo humchosha msomaji wa kawaida wangeanza kwa kutomwambia kuwa uchoyo umepigwa picha.

Niliitafuta ripoti iliyozaa picha ile, nikaisoma yote. Usafishaji wa ishara ulielezwa kwa sentensi mbili, pamoja na jina la programu lisilo na toleo lake. Doa jekundu lilipewa nusu ukurasa.