Brigedia Hotine na mawe aliyotuachia

Koodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali, zilizoandikwa kwenye ramani nyingi za upimaji wa viwanja Tanzania zimo katika mfumo uitwao Arc 1960. Arc maana yake ni tao, na tao lenyewe ni mnyororo wa pembetatu unaofuata longitudo 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini kwenda Misri. Sehemu yake ya Tanganyika ilipimwa kati ya 1931 na 1933 na mwanajeshi Mwingereza, Martin Hotine. Naona ni haki jina lake lijulikane na kila anayeshika hati ya kiwanja huku kwetu.

Alizaliwa London mwaka 1898. Mwaka 1917, vita ikiendelea, aliingia kikosi cha wahandisi wa jeshi, Royal Engineers, akatumikia India, Uajemi na Iraki. Wazo la tao lilikuwa la mwanaastronomia David Gill wa Cape Town, tangu 1879. Uganda walishapima kipande chao mwaka 1908 na 1909. Katikati palibaki pengo, na Hotine ndiye aliyetumwa kuliziba.

Kazi ile ilikuwa hivi. Unapima mistari michache tu chini kwa utepe wa invari, aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka ovyo kwa joto. Baada ya hapo hupimi tena urefu, unapima pembe, kilele hadi kilele. Kosa la sekunde 1 ya pembe (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), kwa umbali wa kilomita 50, ni sentimita 24. Kwa hiyo kila pembe hurudiwa raundi nyingi: darubini ya theodolaiti, yaani chombo cha kupimia pembe, huwa upande wa kushoto, kisha inapinduliwa upande wa kulia, na kila raundi sahani ya nyuzi inaanzia mahali pengine ili kasoro zake zifutane. Mchana hewa ya joto huchezesha picha kwenye darubini, ndiyo maana vipimo vizito hufanywa usiku kwa kulenga taa. Mwishowe pembe tatu hujumlishwa. Hazifiki nyuzi 180 kamili, huzidi kidogo kwa sababu Dunia ni duara: sekunde 1 kwa kila kilomita za mraba 197 hivi. Ikizidi au kupungua kuliko hapo, mtu amekosea, na inabidi kurudi mlimani.

Na mlimani hakuna aliyefika peke yake. Saruji, maji, taa na mitambo vilipanda kwa vichwa na mabega ya wapagazi ambao majina yao hayamo kwenye mahesabu. Ninapomkumbuka Hotine nawakumbuka na wao, na sioni namna ya kuwatenganisha.

Aliporudi kwao akasimamia upimaji mpya wa Uingereza. Nguzo ya kwanza ya aina aliyoibuni ilitumika Cold Ashby, Aprili 1936. Ni nguzo ya zege ya futi 4 hivi, inayopungua kadiri inavyopanda. Uzuri wake uko kichwani: bamba la shaba lenye mifereji mitatu, kila mmoja nyuzi 120 kutoka kwa mwenzake. Miguu mitatu ya theodolaiti inakaa humo, na chombo kinarudi katikati ileile hata baada ya miaka. Chini ya msingi imefukiwa alama nyingine, kusudi nguzo ikivunjwa nukta isipotee.

Katika Vita Kuu ya Pili aliongoza upimaji wote wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1946 akaanzisha Kurugenzi ya Upimaji wa Makoloni, na karatasi za ramani za 1:50,000 za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizochorwa kwa picha za ndege, nyingi zilitoka huko. Zilichorwa kwa faida ya mtawala, hilo halina ubishi. Ila hadi leo anayetafuta njia ya bomba la maji kijijini huzifungua. Alistaafu 1963, akaenda Marekani kuendelea na utafiti, akafariki Novemba 1968 akiwa na miaka 70.

Sasa jambo linalouma. Mtu anachukua koodineti za UTM (gridi ya mita inayogawa dunia katika zoni) za Arc 1960 kutoka kwenye ramani yake, anaziingiza kwenye simu au GPS ya mkononi iliyowekwa WGS84, mfumo wa kawaida wa GPS, bila kuzibadilisha. Atapelekwa karibu mita 300 kaskazini na mita 90 magharibi ya jiwe lake la mpaka, kisha aanze kumwita jirani mwizi. Kabla ya kutembea, fungua mipangilio ya chombo uchague Arc 1960 na zoni sahihi: 35, 36 au 37 kusini kwa Tanzania. Hata hapo GPS ya mkononi inakosea mita kadhaa, kwa hiyo itakusaidia kulitafuta jiwe, haiwezi kukuamulia mpaka.

Na wale wanaochimba nguzo za zamani kwa imani kwamba Mjerumani alizika mali: chini hakuna rupia, kuna pini ya chuma. Ukiikuta nguzo imebomolewa, usiisimamishe mwenyewe na usifukue. Iache ilivyo, piga picha, mwite mpima. Ikiwa ile alama ya chini haijaguswa, nukta nzima inaweza kurudishwa kutoka hapo.